Deki ya mzee inaonyesha picha bila rangi kwenye TV mpya: kosa ni la waya, deki au TV?

#1 MwanaPongwe
Wakuu, heshima kwenu.

Mzee wangu ana deki ya DVD ya mwaka 2008, mpaka leo inafunikwa kitambaa cha kufuma. Mwezi uliopita watoto tumechanga tukamnunulia TV mpya ya inchi 32, ile ya chogo imehamia stoo. Sasa Jumamosi tunakutana wote nyumbani Pongwe, dada anatimiza miaka 15 ya ndoa, na bi mkubwa kaagiza CD ya harusi iwekwe watu waione wakishamaliza kula.

Nimechomeka. Picha inakuja, sauti inakuja, rangi hakuna. Bibi harusi kijivu, keki kijivu, zile sare za machungwa za wamama, kijivu tupu. Kwenye chogo rangi zilikuwa zinawaka. Njano nimeweka kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Nimechomoa, nimerudisha, nimepuliza. Nakosea wapi?

#2 NgojaKwanza
Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

#3 Kibandaumiza
Hiyo TV mbovu mkuu, irudishe dukani kabla risiti haijafutika. Siku hizi tundu la AV, la hizo waya za rangi tatu, wanaweka kama pambo.

#4 MamaTunu
#3 usimtie mwenzio hasara. Mleta uzi, king'amuzi kinaonyesha rangi kwenye TV hiyohiyo?

#5 MwanaPongwe
Kinaonyesha vizuri sana dada, ila kile nimekichomeka kwa waya wa HDMI, siyo hizi za rangi.

#6 FundiMita
Basi bisibisi iache kabatini. Fanya jaribio moja kwanza. Toa CD, washa deki ikiwa tupu. Ile nembo inayokuja yenyewe, au ukurasa unaotokea ukibonyeza SETUP kwenye rimoti, una rangi au nao kijivu? Nembo ikiwa na rangi na harusi haina, shida iko kati ya CD na mipangilio ya deki, waya umwachie heshima yake. Nembo nayo ikiwa kijivu, shida iko njiani: waya, tundu, au TV imeambiwa isikilize tundu lisilo lake.

Huo waya wa njano mmoja umebebeshwa mizigo miwili, mwangaza wa picha na rangi yake. Rangi imepandishwa juu ya wimbi lake, la megahezi 4.43 kwa PAL na 3.58 kwa NTSC, ile mifumo miwili ya picha za TV. TV isipolikuta wimbi hilo pale inapolitafuta, au ikilikuta limechoka, inaizima rangi makusudi ili isikujazie madoadoa. Unabaki na mwangaza tu. Ndiyo hicho kijivu unachokiona.

#7 MwalimuWaZamu
Nyongeza kwa #6. Angalia nyuma ya TV kama kuna matundu matano: kijani, bluu, nyekundu, halafu nyeupe na nyekundu ya pili. TV nyingi za flati zimebana nafasi, tundu la kijani ndilo hilohilo la njano, utaliona limezungushiwa duara nusu kijani nusu njano. Ukichomeka njano hapo halafu kwenye SOURCE ukachagua Component badala ya AV, picha itakuja nyeusi na nyeupe. Kwenye mfumo ule wa waya tatu, kijani kinabeba mwangaza peke yake, bluu na nyekundu ndiyo zinabeba hesabu ya rangi. Kwa hiyo tundu la kijani halina uhusiano na rangi ya kijani, mafundi walihitaji tu kuyatofautisha.

#8 Kibandaumiza
Yaani tundu la kijani kazi yake kuleta kijivu. Haya.

#9 Chogo29
Mnamzungusha kijana wa watu. Hiyo ni NTSC, nimeiona mara mia. Huku kwetu ni PAL, mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Ya Marekani na Japani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Sasa mpiga video wa harusi anachoma CD kwenye kompyuta, programu imekuja ikiwa NTSC tangu ilikotoka, yeye hagusi, anachojali ni maandishi ya dhahabu na vile vimaua vinavyodondoka. Ile TV ya chogo ilikuwa inasoma mifumo yote kimyakimya ndiyo maana hamkujua.

Ingia SETUP, tafuta TV TYPE, utakuta PAL, NTSC na AUTO. Weka PAL. Uje unishukuru.

#10 MgosiHalisi
Chogo29 unapotosha. Tanzania tunatumia NTSC, TV yangu imeandikwa NTSC kabisa kwenye ile karatasi ya nyuma.

#11 MwalimuWaZamu
#10 soma na neno la pembeni yake. Imeandikwa PAL/NTSC, maana yake inakubali zote mbili. Nchi yetu ni PAL, bara na visiwani.

#12 MzenjiUghaibuni
Visiwani msitutie kwenye ujinga wenu. Sisi Unguja tulikuwa na kituo cha TV ya rangi tangu miaka ya 1970, nyinyi huko bara mpaka 1994 ndo mnapata kituo cha kwanza. Ndo maana leo hamjui njano iende wapi 😂

#13 Chogo29
#12 kituo hatukuwa nacho, deki tulikuwa nazo. Baba yangu alikuwa na deki ya kanda miaka ya 80 na TV isiyokamata chochote zaidi ya deki hiyo. Na wala hakukuwa na njano wala nyeupe: waya mmoja mnene unatoka deki unaingia tundu la antena. Deki inajifanya kituo kidogo, inarusha kwenye chaneli 36. Unawasha TV, unazungusha kitufe cha kutafutia taratibu, chenga, chenga, chenga, mara sauti inakuja kabla ya picha, unarudi nyuma kidogo, halafu hairuhusiwi mtu kupita karibu. Mtaa mzima umekaa kwenye mkeka. Anayepita anaambiwa "unaharibu mawimbi".

#14 MtuWaNai
Salamu kutoka Nairobi. Chogo29, chaneli 36 ni za mitambo ya Ulaya. Zile za Marekani zilikuwa zinarusha 3 au 4. Mjomba alirudi kutoka huko na deki yake, tukatafuta chaneli wiki nzima kwa TV ya huku tukakosa. Kisha binamu akasema labda tatizo ni adapta ya stima, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Ile deki ni ya volti 120, ukuta wetu ni 240. Ilituonyesha moshi tu, na ulikuwa na rangi.

#15 MamaTunu
Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

#16 NgojaKwanza
Jamani turudini harusini, Jumamosi inakuja.

#17 MwanaPongwe
Nimerudi. Majibu:

@FundiMita nembo nayo ni kijivu. Kwenye chogo nakumbuka ilikuwa nyeupe juu ya bluu.
@MwalimuWaZamu hakuna matundu matano. Kusema kweli tundu la njano halipo kabisa. Kuna kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni, kimeandikwa AV IN. Nilikosa ule waya mfupi uliokuja na TV, nadhani ulitupwa na boksi, nikanunua mwingine Kariakoo kwa elfu tatu: upande mmoja pini, upande wa pili matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Ndiyo nikasema njano kwa njano.
@Chogo29 rimoti ya deki haina betri, kesho naleta.

#18 FundiMita
Ungeanza na hilo mkuu, tungeshakuwa tunakula pilau!

Hizo pini za sehemu nne zinafanana kwa macho tu. Ishike usoni utaona mistari mitatu myeusi imeikata vipande vinne. Kwa nyingi ncha ni sauti ya kushoto. Baada ya hapo kila kiwanda na utaratibu wake: wengine kipande kinachofuata ni video, wengine ni sauti ya kulia, na waya wa ardhi, ule wa kurudishia umeme, unaweza kuwa cha tatu au cha mwisho. Muuzaji anakuuliza "ya TV?", unasema ndiyo, anakupa ya kamera.

Kama una mita ya kupimia waya, weka kwenye mlio. Ncha moja igusishe katikati ya tundu la njano, nyingine pitisha kwenye vipande vya pini. Utajua njano imefika wapi.

#19 SautiYaSabufa
Njia ya mkato bila mita: chomoa njano ya deki ichomeke kwenye tundu JEKUNDU la huo waya mfupi, nyekundu iende njano. Kwa waya za mpangilio wa kamera picha inakaa sawa palepale. Nimefanya mara mbili nyumba mbili tofauti.

#20 MgosiHalisi
Sasa kama video ni nyekundu kumbe nilikuwa sahihi, nyekundu ndiyo picha, njano ni besi.

#21 MwalimuWaZamu
Mgosi, wewe hukusema lolote kuhusu nyekundu. Na besi haina rangi. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia, njano picha. Waya wenyewe ni uleule ndani, hata nyekundu inaweza kupitisha picha ukiipa kazi hiyo, ila ule wa njano kwa kawaida umefunikwa vizuri zaidi. Alichosema #19 ni mpangilio wa pini.

#22 FundiMita
#19 umesema kweli nusu. Inasaidia pale video na sauti ya kulia zimepishana tu. Ardhi nayo ikiwa imehama, utabadilisha njano mpaka kiama. Tena mpangilio ukikosewa kabisa, mara nyingi hupati picha au inavunjikavunjika na kunguruma kwenye spika. Yeye picha anaipata safi, rangi tu ndiyo haipo. Mimi kinachonijia ni mgusano hafifu: pini haijazama mpaka mwisho, wimbi la rangi linafika limechoka.

#23 Chogo29
Au NTSC.

#24 FundiMita
Nembo ya deki NTSC imetoka wapi, mkuu? CD haimo ndani!

#25 Chogo29
Imetoka kwenye deki yenyewe. Kama kuna mtoto alibonyeza kile kitufe cha rimoti kinachobadili PAL na NTSC, hata nembo itatoka NTSC. Deki ya mwaka 2008, nyumba yenye wajukuu. Fikiria.

#26 Kibandaumiza
Hapo Chogo ana hoja. Kwenye banda langu zamani rimoti niliifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuitundika msumarini. Dogo mmoja aliikamata dakika moja tu, mechi nzima watu wakaitazama inapanda juu kama lifti. Nilirudisha viingilio.

#27 DadaWaMorogoro
Mie swali langu tofauti kidogo, samahani mwenye uzi. Deki yetu ina tundu la ziada la rangi ya machungwa limeandikwa COAXIAL, liko jirani kabisa na la njano. Mume wangu kachomeka njano huko, anasema zinaingiana kwa hiyo ni sawa. Picha hakuna.

#28 MwalimuWaZamu
Zinaingiana lakini si sawa. Hilo ni la sauti ya dijitali, linakwenda kwenye redio kubwa zenye tundu kama hilo. Picha haipiti hapo. Mwambie ahamie la pili, polepole, asione kama umeuliza watu.

#29 DadaWaMorogoro
Picha imekuja. Nimemwambia nimebahatisha.

#30 MtuWaNai
Na kwa wale mnaotaka kukwepa hizi waya zote kwa kununua kale kasanduku keupe ka kubadilisha HDMI, someni maandishi kwanza. Kuna HDMI2AV na kuna AV2HDMI. Umbo moja, rangi moja, bei karibu moja. Mimi nilikuwa na TV ya zamani na dekoda yenye HDMI pekee, nikateremka Luthuli Avenue, nikanunua AV2HDMI. Usiku mzima skrini nyeusi. Matundu yenyewe yalikuwa yananiambia ukweli: upande wa kuingia INPUT ulikuwa na rangi tatu, na mimi nilihitaji zitoke. Nilirudi kesho yake nikabadilishiwa bila ugomvi, wamezoea.

#31 MwanaPongwe
@MtuWaNai kwa hiyo mimi wa deki ya zamani na TV mpya ningehitaji AV2HDMI?

#32 MtuWaNai
Ndio, ile niliyorudisha mimi. Na usisahau kuipa umeme, ina kijiwaya cha USB cha volti 5, chomeka hata kwenye USB ya TV. Wengi wanakaacha kwa boksi wakidhani ni cha kuchaji simu.

#33 SautiYaSabufa
Na asitegemee muujiza. Kale kasanduku kanaandika mistari 1080 kwa nje, lakini kinachoingia ni picha ya waya wa njano. DVD yenyewe ya PAL ina mistari 576 ya picha, basi. Inatanuliwa tu, haiongezwi.

#34 MgosiHalisi
Dawa ni waya wenye pini za dhahabu. Nilinunua HDMI ya dhahabu picha ikawa kali mpaka unaona vinyweleo.

#35 MwalimuWaZamu
HDMI ni namba zinazopita, Mgosi. Ikifika inafika, isipofika unaona vimulimuli au giza. Dhahabu inazuia kutu kwenye pini, hasa kwenu pwani, hilo nakupa. Vinyweleo ulikuwa navyo tangu zamani.

#36 MzenjiUghaibuni
Mnanikumbusha balaa la SCART. Huku Uingereza nilifika nikakuta deki zote zina lile tundu pana kama sega, na mie nimemletea mama deki moja kule Michenzani. TV yake haina sega. Nikatafuta kile kichwa cha kugeuza sega kuwa njano, nyeupe, nyekundu. Hakuna picha. Siku ya tatu mpwa wangu wa miaka tisa akaona kitufe kidogo ubavuni: IN na OUT. Kilikuwa IN. Kasukuma kwa ukucha, picha hiyo.

#37 Kibandaumiza
SCART ni ya Wajerumani, wao ndio wanapenda vitu vikubwa.

#38 MzenjiUghaibuni
Ya Wafaransa, na wao wanaiita Péritel. Pini 21. Na mara nyingi pini moja imepinda.

#39 MamaTunu
Mzenji, na CD za huko Uingereza zinasoma kwenye deki ya Bongo? Mdogo wangu kaniletea katuni za watoto, deki inaniandikia habari za "region" na kugoma.

#40 MzenjiUghaibuni
Zile za dukani zimefungwa kwa kanda, ndiyo hiyo "region", eneo la dunia. Uingereza ni kanda ya 2, Tanzania na Kenya kanda ya 5. Deki nyingi za Kichina hazijali, hizo zinakula kila kitu. Yako inaelekea ni mwaminifu. Harusi ya kijana huyu haina kanda, hizo za kuchoma nyumbani hazifungwi.

#41 MwanaPongwe
Wakuu, kabla sijaleta majibu ya leo, kuna jipya. Bi mkubwa alikuwa anafuta vumbi nyuma ya TV, akashika ule mkia wa waya wa njano uliokuwa haujachomekwa, anasema umemng'ata. Kidogo, kama sisimizi. Sasa hataki mtu aguse mpaka fundi aje. Ni hatari?

#42 SautiYaSabufa
Kwangu sabufa inafanya hivyohivyo, nikiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Nikivaa ndala haing'ati. Nyumba haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hiyo ndiyo sababu.

#43 FundiMita
Hata nyumba yenye ethi inaweza, maana vifaa hivi pini zake ni mbili, ethi haivifikii popote. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa waya za AV, imewekwa makusudi kuzuia kelele. Inavujisha umeme mdogo mno, ndiyo huo ung'atao kwenye waya unaoning'inia. Mkileta tesa, ile bisibisi ya kupima umeme, itawaka, msishtuke. Ila ung'ataji ukiwa wa kurusha mkono, hiyo si kapasita ya kawaida, chomoa ukutani.

#44 Chogo29
Mimi naamini laivu na nyutro zimepishana kwenye soketi. Kipindi fulani nilikuwa nageuza plagi ya pini mbili na kung'ata kunapungua kabisa.

#45 FundiMita
Kunapungua kweli kwa baadhi, sikatai. Lakini kwa hizi pawa saplai mpya ukigeuza hupati tofauti kubwa.

#46 Chogo29
Mimi nilipata.

#47 MamaTunu
Cha muhimu: zima ukutani vyote viwili, ndiyo uchomeke waya, ndiyo uwashe. Hata matundu yanadumu. Na mpe bi mkubwa pole.

#48 NgojaKwanza
Siku mbili zimebaki, bado kijivu.

#49 MwanaPongwe
WAKUU RANGI IMERUDI. Machungwa ya wamama yanawaka mpaka ukutani.

Nieleze nilichofanya. Nilichukua tochi nikachungulia ile pini. Kweli ilikuwa haijazama: mgongo wa TV umejikunja kidogo pale kwenye tundu, na plastiki ya kichwa cha pini ni nene, inagota kwenye ganda kabla chuma hakijafika. Ilibaki kama unene wa shilingi mbili za kupanga. Nikachukua kiwembe nikachonga plastiki pembeni, taratibu, kama unamenya muwa, mpaka ikaingia ikalia "tk".

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa amekuja na betri, kakaa kwenye kochi na rimoti ya deki, kaingia SETUP akabadilisha kutoka NTSC kwenda PAL. Anasema aliikuta NTSC. Nilipoinua kichwa nyuma ya TV wote sebuleni walikuwa wanapiga vigelegele. Hakuna anayejua rangi ilirudi kwa kiwembe au kwa rimoti.

#50 Chogo29
NTSC. Nilisema kwenye #9, nikasema #23, nikasema #25. Aliikuta NTSC! Mnataka ushahidi gani zaidi?

#51 FundiMita
TV ya inchi 32 ya leo inasoma NTSC kwa AV bila kuombwa. Ni pini. Ile "tk" ndiyo rangi.

#52 Chogo29
Si zote zinasoma. Na nyingine AV imewekwa PAL kwa lazima kwenye menyu.

#53 SautiYaSabufa
Suluhisho rahisi, arudishe deki NTSC tuone.

#54 MwanaPongwe
Mama amesema atakayegusa rimoti kabla ya Jumamosi halali ndani.

#55 FundiMita
Basi arudishe pini nusu.

#56 MamaTunu
Mwacheni kijana wa watu. Sauti inatoka pande zote mbili?

#57 MwanaPongwe
Inatoka upande mmoja. Mc anasikika, muziki kidogo, kwaya nusu. Sijasema kitu, watu wamefurahi na rangi.

#58 SautiYaSabufa
Nyeupe na nyekundu zitoe kwenye TV kabisa, zipeleke moja kwa moja kwenye sabufa. TV ibaki na njano peke yake. Ukisikia mngurumo wa "mmmm", hamisha sabufa na TV zitumie ekstensheni moja.

#59 MgosiHalisi
Kumbe sauti ya upande mmoja ndiyo stirio.

#60 MwalimuWaZamu
Sina nguvu leo.

#61 MwanaPongwe
Wakuu, ni Jumamosi, saa nane mchana, pilau imeliwa, watu 30 sebuleni na dirishani. Sabufa inapiga pande zote, ahsante @SautiYaSabufa. Rangi ipo. Sasa CD imefika kwenye kukata keki, kisu kipo hewani, imeganda. Inarudi nyuma, inakuja, inaganda palepale. Shemeji mmoja ameshaleta dawa ya meno anasema apake. Nifanyeje, HARAKA.

#62 MamaTunu
USIPAKE.

#63 FundiMita
Usipake! Maji safi na kitambaa laini cha pamba, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kausha ndiyo urudishe.

#64 Kibandaumiza
Sisi bandani tulikuwa tunapaka na inasoma.

#65 Chogo29
Bonyeza kuruka sura inayofuata, mkate keki ya kweli hapo mezani.

#66 NgojaKwanza
Mleta uzi vipi, kisu kimeshuka?